Kabla hujalipia mfumo wa wateja, uupeleke kwanza Newala

Mfumo wa kusimamia wateja, ule ambao wanaouuza huuita CRM, huonyeshwa ofisini: skrini kubwa, mtandao mzuri, kiyoyozi kinavuma. Atakayeutumia yuko kwingine kabisa. Ni ofisa mauzo aliyesimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi Newala, simu ina chaji asilimia 20, mwenye duka anampimia mtu misumari huku akimjibu, na bodaboda iliyomleta inasubiri. Kama hawezi kuingiza mazungumzo yale ndani ya dakika moja, hataingiza. Atasema nitaandika jioni, na jioni ikifika atakuwa amesahau nusu.

Kipimo hicho nakiweka mbele ya bei, mbele ya ripoti, mbele ya michoro ya rangi. Naandika kwa wenye biashara za jumla huku Kusini, Mtwara na Lindi, wauza bati, saruji, sola, mashine za kupulizia mikorosho, pikipiki na vipuri, wenye maofisa mauzo kama 3 hadi 15. Ukiwa na muuzaji mmoja na wateja wasiozidi 150, usinunue kitu. Faili moja la Excel linatosha, hata daftari linatosha. Mfumo unahitajika pale wauzaji wawili wanapompigia mteja yule yule kwa bei mbili tofauti, au ofisa anapoacha kazi na kuondoka na wateja wote kwenye simu yake.

Andika njia ya mauzo yako kwanza

Karibu kila mfumo huja na hatua za mauzo zilizokwisha kupangwa, kila hatua na asilimia yake ya uwezekano wa kuuza. Zilitungwa kwa biashara za namna nyingine. Zifute, uandike zako kwenye karatasi kwa maneno ambayo maofisa wako huyatumia wakiongea. Kwa muuza bati na saruji huwa karibu na hivi: ameuliza, amepewa profoma, amekubali ila anasubiri hela, ametoa kianzio, amechukua mzigo. Pembeni kuna mlango wa pili, tumemkosa, na huo usifungike bila sababu kuandikwa.

Hatua ya tatu ndiyo ya kwetu hasa. Mteja anayesema "korosho zikilipwa" hakukwepi, anakupa tarehe. Korosho inakwenda AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kutoka hapo ghala kuu, inauzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, utaratibu ambao kwenye korosho ulianza 2007, kisha malipo yanaingia kwenye akaunti ya benki ya mkulima. Minada kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Kwa hiyo mtu aliyekubali bei mwezi wa saba anaweza kukaa miezi minne kimya na bado akawa mteja mzuri kuliko wote kwenye orodha. Mfumo usiopangwa kwa hilo utampaka rangi nyekundu baada ya siku 30 na kumpelekea bosi onyo, naye ofisa ataanza kusogeza tarehe mbele kila wiki ili onyo linyamaze. Ukiona tarehe zinasogezwa kwa mkupuo kila Ijumaa, ujue takwimu zako zimeshakuwa za uongo.

Muulize anayekuuzia: je, kila hatua inaweza kuwekewa idadi yake ya siku kabla ya onyo? Je, naweza kuongeza kisanduku cha msimu, kwa mfano 2025/2026, na kingine cha AMCOS ya mteja? Je, ofisa anaweza kuchuja orodha kwa kisanduku hicho akiwa kwenye simu? Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mnada wa TANECU, chama kikuu cha ushirika, ukipita, wanaosubiri hela ni wa Newala na Tandahimba. Wa Masasi, Nanyumbu na Mtwara wanafuata mnada wa MAMCU. Wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale wako RUNALI, na wa Kilwa, Lindi na Mtama wako Lindi Mwambao. Ofisa anayeweza kufungua orodha ya wateja wa chama kimoja siku chache baada ya mnada, hela zikiwa zimeanza kuingia, anapiga simu 20 zenye maana. Asiyeweza atapiga simu 100 za kubahatisha, na nyingi zitapokelewa na watu ambao bado hawana kitu mfukoni.

Asilimia nazo zirekebishwe kwa daftari lako la mwaka jana. Chukua wateja 20 waliopewa profoma, kila mmoja bati za shilingi milioni 2. Hizo ni milioni 40. Mfumo uliokuja na asilimia 50 kwenye hatua hiyo utakuambia utarajie milioni 20. Kama daftari linaonyesha kwamba katika profoma 10 hununuliwa 3 tu, weka asilimia 30, upate milioni 12. Ile milioni 8 ya katikati ndiyo mzigo ambao ungeagizwa kutoka Dar ukalala ghalani mpaka mvua zianze.

Deni usiligeuze kuwa hatua. Mteja akichukua mzigo kwa mali kauli, mauzo yamekwisha. Lililobaki ni deni, nalo lina kumbukumbu yake, salio na tarehe. Ukiliacha ndani ya njia ya mauzo, mauzo yaliyokwisha yataonekana bado yako wazi na jumla ya matarajio itavimba. Ila ofisa lazima alione deni kwenye ukurasa wa mteja kabla hajaahidi mzigo mwingine. Kama mfumo hauungani na programu yako ya hesabu, weka kisanduku cha salio ambacho mhasibu pekee ndiye anayeweza kukibadilisha, na akijaze kila jioni. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inabaki kutoka pale inapotoka sasa. Mfumo wa wateja hauchukui kazi hiyo.

Mteja anatambuliwa kwa namba ya simu

Mifumo mingi imezoea kumtambua mtu kwa barua pepe. Ikikuta barua pepe mbili zinazofanana inasema huyu tunaye tayari. Wateja wako wengi wa Kitangari au Nanyamba hawana barua pepe, kwa hiyo mfumo utamsajili mtu mmoja mara nne bila kugutuka: Hamisi Ally, Hamis Ali, Hamisi A., na Mzee wa Bati. Hakikisha namba ya simu inaweza kuwekwa kuwa kisanduku kisichoruhusu kurudiwa. Kama haiwezekani, achana na mfumo huo hata kama una sifa nyingine zote.

Namba zenyewe ziandikwe kwa mtindo mmoja. Namba ya hapa ina tarakimu 10 ukianza na sifuri, au 12 ukianza na 255. Mfumo ukiwa na zote mbili unaona watu wawili. Chagua ya 255, kwa kuwa huduma za kutuma SMS kwa wingi nyingi huitaka hivyo.

Hapa ndipo faili la Excel linapoharibu kazi ya wiki nzima, na inauma kwa sababu linaharibu kimyakimya. Ukibandika namba yenye sifuri mbele, Excel inaiona hesabu na kuifuta sifuri. Ukibandika yenye 255, ni tarakimu 12, na kwenye seli ya kawaida Excel huonyesha namba yenye zaidi ya tarakimu 11 kwa ufupisho, kitu kama 2.55E+11. Ukihifadhi faili kwa CSV, faili la maandishi matupu ambalo mifumo hulipokea, ikiwa katika hali hiyo, kinachohifadhiwa ni ule ufupisho. Namba zimepotea, na huwezi kuzirudisha kutoka kwenye faili hilo. Kinga yake: kabla ya kubandika chochote, chagua kolamu nzima na uibadilishe kuwa maandishi. Kisha fungua CSV kwa programu ya kawaida ya maandishi, si kwa Excel, uangalie mistari 10 kwa macho yako kabla ya kuingiza. Na usiingize wateja 2,000 mara ya kwanza. Ingiza 20, uwakague, uwafute, halafu uingize wote.

Majina nayo yana mtego. Mifumo kadhaa haikubali kuhifadhi mtu asiye na jina la mwisho, na Salesforce na Zoho CRM ni miongoni mwao. Ofisa akibanwa ataandika nukta, au "mteja", na baada ya mwezi una watu 60 wanaoitwa nukta. Ongeza kisanduku cha jina analojulikana nalo, kwa sababu sokoni Masasi mtu huulizwa kwa jina la duka au la mtoto wake.

Mahali pasiandikwe kwa mkono. Weka orodha ya kuchagua yenye halmashauri zote 15, tisa za Mtwara na sita za Lindi, kisha kisanduku kimoja cha wazi cha kijiji na alama ya kumfikia: mkabala na zahanati, nyuma ya ghala la AMCOS. Ukiruhusu kila mtu aandike anavyotaka utapata Newala, newala mji, NWL na Newara, na ripoti ya wilaya haitajumlishika kamwe.

AMCOS ikiwa mteja wako, isajiliwe kama taasisi, na viongozi wake wasajiliwe kama watu walioungwa nayo. Viongozi huchaguliwa na hubadilika. Ukimsajili mwenyekiti kama ndiye mteja, siku akitoka anatoka na historia yote ya bei, ahadi na malalamiko. Andika pia manunuzi ya namna gani yanasubiri kikao cha bodi na yapi yanasubiri mkutano mkuu, ili ofisa asikae akimsumbua mtu asiye na mamlaka ya kusema ndiyo.

Visanduku vya lazima visizidi vinane. Kila kinachoongezwa kinakula sekunde za yule aliyesimama Newala.

Majaribio ambayo hayafanyiki ofisini

Omba muda wa majaribio wa wiki mbili, umpe ofisa mmoja mwenye simu ya kawaida, si ile ya bosi. Simu ya RAM ya GB 2 inatosha kukupa ukweli. Atoke nayo Mtwara, apite Tandahimba hadi Newala, arudi kupitia Masasi. Kwenye uwanda wa Makonde zipo sehemu ambazo mtandao unakatika kabisa, na programu nyingi zinazojisifu kufanya kazi bila mtandao zinamaanisha tu kwamba unaweza kusoma, huwezi kuandika.

Jaribu hivi. Zima mtandao kwenye simu. Sajili wateja watatu, badilisha namba ya mmoja aliyekuwepo, andika maelezo ya ziara moja. Wakati huohuo mtu aliye ofisini, kwenye kompyuta, abadilishe kijiji cha yule yule uliyembadilishia namba. Washa mtandao, subiri dakika tano, angalia. Wale watatu wameingia? Mara moja au mara mbili? Yule wa nne amebaki na mabadiliko yote mawili, au la mwisho limelifuta la kwanza? Mfumo mzuri huweka yote mawili, au hukuonyesha mgongano uamue. Mbaya hufuta mojawapo bila kusema. Hili la kufuta bila kusema lisiposhtukiwa wakati wa majaribio, linakuja kugundulika mzigo ukiwa umeshapelekwa kijiji kisicho chenyewe.

Baada ya wiki ya kwanza fungua mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, usome programu ile imekula MB ngapi. Zidisha kwa idadi ya maofisa, kisha kwa wiki za mwezi. Hilo ndilo bando utakalolipia wewe. Ukimwachia ofisa alipie mwenyewe, ataizima.

Kagua pia saa na tarehe. Saa za eneo ziwe za Dar es Salaam, tarehe ianze na siku, sarafu iwe shilingi bila senti. Mfumo uliobaki na mtindo wa Kimarekani utasoma 03/11 kuwa Machi 11, na ahadi ya Novemba itakuwa imepita kabla haijafika. Kuna na kosa la kwetu wenyewe: mteja anasema nipigie saa nne, ofisa anaandika 4:00, na kikumbusho kinalia alfajiri wakati kila mtu amelala. Wafundishe kubadilisha papo hapo, saa nne ni 10:00, saa nane ni 14:00.

Hela

Bei hutangazwa kwa mtumiaji mmoja kwa mwezi, na kwa dola. Fanya hesabu ya mwaka mzima. Chukulia watumiaji 7 kwa dola 15: ni dola 105 kwa mwezi, dola 1,260 kwa mwaka. Dola ikiwa shilingi 2,600 ni shilingi 3,276,000. Ikipanda hadi 2,800 ni shilingi 3,528,000, yaani umeongezewa 252,000 bila kupata chochote cha ziada. Ongeza hapo gharama ya kuhamisha taarifa, mafunzo, bando na SMS.

Matoleo ya bure yapo na si ya kubezwa. La Zoho CRM ni la watumiaji 3, zuri kwa kuanzia. Ila uliza bei ya mtumiaji wa nne mapema, kwa sababu ukimwongeza huyo unalipia wote wanne. SuiteCRM, EspoCRM na Odoo Community ni programu huria, huzilipii leseni. Unalipia seva na mtu wa kuitunza: kusasisha, kuhifadhi nakala, kuamka ikianguka. Kama mtu huyo ni kijana mmoja anayekuja Jumamosi, hesabu siku atakayohamia Dodoma. Kwa timu ya watu 4 hadi 10 hapa Kusini ningechukua mfumo wa kulipia ulio rahisi, unaoandika bila mtandao, kuliko wa bure unaoweza kila kitu ila hauna wa kuutunza.

Malipo huchukuliwa kwa kadi. Tazama kadi inaisha lini. Ikiisha Novemba, mfumo utafungwa katikati ya msimu, na hapo ndipo utakapogundua kwamba anayepokea barua pepe za onyo ni mtu aliyeacha kazi mwaka jana.

Akaunti ni ya nani

Fungua akaunti kuu kwa barua pepe ya biashara, si ya fundi wala ya ofisa mauzo. Wasimamizi wakuu wawe wawili. Ofisa aone wateja wake, na uwezo wa kupakua orodha yote ubaki kwa wasimamizi tu. Anayeondoka afungiwe siku hiyohiyo, lakini asifutwe mpaka wateja wake wamekabidhiwa mwingine, kwa sababu kwenye baadhi ya mifumo ukimfuta mtu, kazi na vikumbusho vyake vinabaki bila mwenyewe.

Kabla ya kulipa, jaribu kutoka. Pakua kila kitu na ufungue mafaili. Wateja hutoka vizuri karibu kila mahali. Yanayosumbua ni maelezo ya ziara, ambayo hutoka kwenye faili la peke yake. Hakikisha faili hilo lina namba ya utambulisho wa mteja, vinginevyo una maelezo 5,000 usiyojua ni ya nani.

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Anayekusanya na kutunza taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kupeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Seva za mifumo mingi ziko nje, kwa hiyo uliza ziko nchi gani na upate jibu kwa maandishi. Na usikusanye usichokihitaji. Picha ya kitambulisho cha NIDA cha mtu aliyenunua mifuko kumi ya saruji kwa fedha taslimu haina kazi yoyote kwako, ila ikivuja inamuumiza yeye.

SMS

SMS moja ni herufi 160. Ikizidi hukatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande hulipiwa. Kiswahili kinaingia vizuri humo, isipokuwa kwa kitu kimoja: alama ya ritifaa iliyopinda, ile ambayo Word huiweka yenyewe kwenye ng’ombe au Ng’apa. Alama hiyo moja inaushusha ujumbe wote hadi herufi 70, na zaidi ya hapo vipande vya 67. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakuwa tatu. Kwa wateja 1,500 umelipia SMS 4,500. Andika ujumbe palepale kwenye mfumo kwa ritifaa iliyonyooka, usiubandike kutoka Word, na emoji ziache.

Lini kuanza

Usianze Oktoba. Hakuna ofisa atakayejifunza kitu kipya wakati wateja wamejaa hela na wamejipanga mlangoni. Februari hadi Aprili mvua zinanyesha, barabara za vijijini ni mbaya, biashara imepoa, na maofisa wako ofisini: safisha orodha, chagua mfumo, fundisha. Ufuta unaovunwa kati ya Mei na Julai ndio mazoezi, kwa kuwa nao una minada na malipo yake, ila kishindo chake ni kidogo. Mbaazi zikifika mwezi wa nane na wa tisa uwe unarekebisha madogo tu.

Tangu siku ya kwanza kikao cha Jumatatu kisomwe kutoka kwenye mfumo peke yake. Bosi akiendelea kuomba ripoti kwenye kundi la WhatsApp, maofisa wataandika mara mbili kwa wiki moja, kisha watachagua WhatsApp. Kamisheni nayo ihesabiwe humo: mauzo ambayo hayakuingizwa hayana kamisheni. Lisemwe mapema, kwa uwazi, na liwabane wote, pamoja na ndugu wa mwenye duka.

Orodha ya sababu za kumkosa mteja iwe fupi: bei, mzigo haukuwepo, hela haijatoka, amenunua kwingine, usafiri, hapatikani. Hiyo ya usafiri usiiondoe. Mei 2024 barabara ya Dar ilikatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya, na Mei 12 mwezi huohuo nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika, mtandao ukayumba nchi nzima. Aliyekuwa na wateja wake wote kwenye mfumo wa mtandaoni bila nakala hakuweza hata kuwapigia kuwaambia mzigo umekwama. Kila Ijumaa saa kumi na moja jioni mtu mmoja apakue orodha yenye jina, simu, kijiji, hatua na salio, aiweke kwenye kompyuta ya ofisi iliyofungwa kwa neno la siri.

Mwisho wa Septemba funga mipangilio. Hatua zisibadilishwe majina, visanduku visiongezwe, hata kama wazo ni zuri. Liandikwe pembeni lisubiri Februari. Ukibadilisha hatua katikati ya msimu, mauzo ya Oktoba na ya Desemba yatakuwa yamepimwa kwa vipimo viwili, na hutaweza kuyalinganisha na ya mwaka unaofuata.